Soda ya saa saba mchana na kidonge cha ziada

Swali

"Habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 54, naishi Tabata, nauza vitenge Kariakoo. Niligundulika na kisukari mwaka juzi. Natumia metformin asubuhi na jioni, na glibenclamide asubuhi, na dawa siruki hata siku moja. Udhaifu wangu ni kitu kitamu. Mchana jua likiwaka nakunywa soda moja ya baridi pamoja na chakula, na jioni kabla ya kufunga duka napata chai ya maziwa na vitumbua viwili. Asubuhi nikipima kabla ya kula napata 7 na pointi kidogo, nikajua niko salama. Juzi binti yangu alinipima saa moja baada ya soda, mashine ikaandika 15.8. Nimeogopa sana. Jirani yangu wa duka, ambaye naye ana sukari, ameniambia nisihangaike: yeye akitaka soda au akialikwa harusini anameza kidonge kimoja cha ziada. Anasema pia juisi ya miwa na asali ni vitu vya asili, havina madhara. Je, nifanye hivyo? Au ndiyo basi tena, nisahau kitu kitamu mpaka naingia kaburini?"

Jibu la mtaalamu wa lishe

Shikamoo mama. Naanza na kidonge cha ziada, maana hilo ndilo lisiloweza kusubiri. Usimeze. Hata kwa soda moja, hata siku ya harusi ya mwanao.

Kwenye dawa zako mbili, glibenclamide ndiyo yenye hatari hiyo. Inashurutisha kongosho kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, na dawa ikishaanza haijui kama umekula au hujala. Inaendelea saa baada ya saa, kwa watu wengine hadi saa 24. Sukari ya soda yenyewe hupanda haraka, kisha ikashuka ndani ya saa chache. Sasa piga hesabu. Umemeza kidonge cha pili saa saba mchana, soda imemaliza kazi yake kabla hujafunga duka, usiku umekula kidogo tu kwa uchovu wa kutwa nzima, umelala. Saa nane usiku dawa bado inaivuta sukari chini, na hakuna aliye macho wa kukuona ukitokwa na jasho. Sukari ikishuka chini ya 3.9 (namba zote hapa ni za mashine, kwa mmol/L) mtu huanza kutetemeka, moyo unakwenda mbio, njaa inabana ghafla, maneno yanapotea mdomoni. Ikizidi kushuka anapoteza fahamu, na wapo ambao hawakuamka. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaeleza kwamba glibenclamide haiwafai watu waliovuka miaka 60, na hofu ni hii hii ya kushusha sukari kupita kiasi. Hujafika huko, lakini unakaribia. Kliniki ijayo mwulize daktari wako kama unaweza kuhamishiwa dawa nyingine ya kundi hilo, kwa mfano gliclazide.

Metformin nayo ukiiongeza haitakusaidia chochote kwa soda. Kazi yake kubwa iko kwenye ini na hujengeka siku hadi siku. Utakachopata kwa kidonge cha ziada ni tumbo kuvuruga. Mfikishie jirani yako ujumbe huu leo hii, na umfikishie kwa upole. Alikushauri kwa nia njema, lakini anachezea kitu kibaya.

Tuje kwenye ile 7 ya asubuhi. Mashine haikukudanganya. Kipimo cha kabla ya kula kinaonyesha jinsi ini lako na dawa zako zilivyofanya kazi usiku, basi. Yaliyotokea jana yake saa nane mchana hakiyaoni. Kliniki tunawaona watu wengi wa namna hii, asubuhi nzuri, mchana mbaya, na kwa kuwa hupima asubuhi tu, wanakuja kushtuka miguu ikianza kufa ganzi. Malengo ya kawaida kwa mtu mzima mwenye kisukari ni kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 saa moja hadi mbili tangu aanze kula. Kwa hiyo 15.8 iko juu, hilo halina mjadala. Ila ni kipimo kimoja, kilichochukuliwa wakati sukari iko kileleni, baada ya chakula na soda kwa pamoja. Nakuomba usikichukue kama hukumu. Binti yako amepima saa ambayo tatizo linaonekana, na sasa tuna pa kuanzia.

Chupa ya soda ya mililita 350, kama ni kola, ina sukari takriban gramu 37. Za chungwa na nanasi mara nyingi hupita hapo. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kinabeba gramu 4. Jioni hii mwambie binti yako achukue glasi ya maji ya kawaida, atie vijiko tisa vya sukari, akoroge, aonje. Hatamaliza. Kwenye soda tunamaliza kwa sababu baridi kali hufifisha utamu na ile tindikali inaukata. Ndiyo maana soda hiyo hiyo ukipewa ya moto unaiona tamu mpaka inakera. Sukari haijabadilika hata chembe.

Ikifika tumboni haina cha kutafunwa, haina nyuzinyuzi, wala haina mafuta au protini ya kuichelewesha. Inaanza kuingia kwenye damu ndani ya dakika chache, na kati ya nusu saa na saa moja iko juu kabisa. Kwa mtu asiye na kisukari, kongosho humwaga insulini palepale mwanzoni. Kwenye kisukari cha aina ya pili, umwagaji huo wa mwanzo ndio unaopotea mapema. Insulini inakuja, lakini inakuja kwa kuchelewa. Ni kama mabasi kumi ya mwendokasi yameshusha abiria Gerezani kwa mpigo na mlango uliofunguliwa ni mmoja. Na soda yako haiji peke yake. Sahani ya wali maharage iliyojaa vizuri inaweza kuwa na wanga wa gramu 80 kabla hujafungua hata kizibo, na wanga wote huo nao unageuka kuwa sukari.

Kuna jambo jingine kuhusu soda ya mchana ambalo ningependa kila mfanyabiashara wa Kariakoo alijue. Sukari ikivuka takriban 10 kwenye damu, figo zinashindwa kuirudisha yote. Nyingine inatoka na mkojo, na inapotoka inavuta maji ya mwili iondoke nayo. Ndiyo ule mkojo wa kila saa. Kwa hiyo soda uliyokunywa kwa sababu ya kiu inakuongezea kiu baadaye, na saa hiyo unatamani nyingine. Wauzaji wengi niliozungumza nao hawanywi maji asubuhi nzima, kwa kuwa choo kiko mbali, cha kulipia, na duka halina wa kumwachia. Ikifika saa saba koo limekauka na friji ya vinywaji iko hatua tatu kutoka mlangoni. Kinachohitajika mwilini ni maji, mkono unakwenda kwenye soda. Ukinywa nusu lita ya maji kabla ya saa tano asubuhi, na glasi nyingine kabla ya kugusa chakula cha mchana, utashangaa jinsi soda inavyopungua kukuita. Beba maji yako kutoka nyumbani yakiwa ya baridi, tia vipande vya limau, tango au majani ya nanaa kama maji matupu yanakuchosha. Kuanzia Desemba mpaka Machi, joto la Dar likipamba moto, ongeza.

Umeuliza kama usahau kitu kitamu mpaka kaburini. Hapana. Msimamo wangu ni huu: utamu wa kunywa uondoke karibu wote, utamu wa kutafuna ubaki kidogo, kwa mpango. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000 hiyo ni kama gramu 50. Linasema pia ni bora zaidi ishuke hadi asilimia 5, yaani gramu 25. Huo ni ushauri kwa watu wote, wenye kisukari na wasio nacho. Soda moja imevuka 25 kwa dakika tano na haikukushibisha. Kama una nafasi ya kitu kitamu kimoja kwa siku, mama, nafasi hiyo ipe kitu unachokitafuna na kukifurahia.

Na vitumbua, nakiri kwa moyo mmoja, ni kitu cha kufurahia. Mchele uliolowekwa na kusagwa, tui la nazi, hamira, iliki, sukari, kisha kwenye chuma cha moto chenye mafuta mpaka pembeni pakauke na katikati pabaki laini. Kimoja cha wastani kina wanga na sukari wa gramu 15 hadi 20 hivi, kutegemea mkono wa mpishi. Yale mafuta na tui yanalichelewesha tumbo, kwa hiyo kitumbua hakirukii juu kwa kasi ya soda. Hilo ni jema, ila lina mtego wake: ukipima saa moja baadaye unaweza kuona namba nzuri ukajipongeza, kumbe kilele kinakuja saa ya pili au ya tatu. Andazi lina tabia hiyo hiyo, hata lisipowekwa sukari kabisa, kwa sababu ni unga mweupe. Kalimati na visheti vilivyopitishwa kwenye shira ni habari nyingine. Hivyo viache viwe vya siku moja moja, na viwe vichache.

Sasa vitumbua vyako viwili vinaingia jioni, tumbo likiwa karibu tupu, na chai ya sukari juu yake. Ningependa kiwe kimoja, na kihame. Kilete mwisho wa chakula cha mchana. Tafiti zimeonyesha kwamba mtu mwenye kisukari cha aina ya pili akianza na mboga na protini, wanga ukaja mwisho, sukari yake hupanda kidogo kuliko akianza na wanga, hata kama sahani ni ile ile. Kwa hiyo mwombe mama lishe wako akupakulie mchicha au matembele mengi, maharage au samaki, na wali nusu ya ule uliozoea. Kula mboga na samaki kwanza. Kijiko kimoja cha kupakulia kilichojaa wali kinakaribiana na kitumbua kimoja kwa wanga, basi kwa kitumbua kimoja toa kijiko kimoja zaidi kwenye sahani. Ukishamaliza, mwachie mtu duka kwa robo saa, tembea kuelekea Mnazi Mmoja kisha urudi. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari kwenye damu hata kama insulini yako ni dhaifu, na dakika 10 hadi 15 za kutembea mara baada ya kula zinaonekana kwenye mashine. Nimewaona watu wakiduwaa kwa tofauti hiyo. Kati ya yote niliyoandika hapa, kutembea ndiko kusiko na gharama kabisa.

Chai ya jioni endelea nayo. Maziwa yana sukari yake ya asili, kama gramu 12 kwa mililita 250, kwa hiyo kikombe cha nusu maziwa nusu maji kina 6 hivi, na hizo hazinisumbui. Kinachonisumbua ni vijiko vitatu vinavyotiwa bila kufikiri. Vikombe viwili kwa siku ni gramu 24, kila siku, mwaka mzima. Punguza nusu kijiko kila wiki, usikate ghafla. Ulimi unazoea kuliko unavyodhani, hasa ukizidisha tangawizi, iliki na mchaichai. Na kama njaa ya saa kumi na moja ni ya kweli, wale vijana wanaopita na mayai ya kuchemsha na kachumbari wana kitu bora kuliko chochote kilichomo kwenye kabati la vitafunwa. Yai moja na kachumbari yake, au karanga za kukaanga kiasi cha kiganja, vinakufikisha nyumbani bila kuiamsha sukari. Muhogo wa kukaanga, chipsi na hindi la kuchoma si vitamu mdomoni, lakini kwenye damu vinahesabiwa kama wanga, usivipe msamaha kwa kuwa vina chumvi na pilipili.

Nije kwenye "vya asili" vya jirani yako. Siku moja simama kwenye mashine ya miwa uangalie. Kijana anapitisha muwa mara ya kwanza, anaukunja, anaurudisha na kipande cha tangawizi na limau, anaurudisha tena mpaka makapi yanatoka makavu. Yale makapi yanayotupwa ndiyo nyuzinyuzi zote. Kilichobaki kwenye jagi ni maji na sukari, gramu 12 hadi 15 kwa kila mililita 100. Glasi ya mililita 300 inabeba kati ya 36 na 45, sawa na soda au kuizidi. Viwanda vya Kilombero na Mtibwa vinatengeneza sukari kwa maji hayo hayo ya muwa. Asali nayo ni nzito kuliko sukari: kijiko cha chai kina sukari ya gramu 5 hadi 6, wakati cha sukari ya kawaida kina 4. Sukari guru iweke kwenye kapu hilo hilo. Kwamba kitu kimetoka shambani au mzingani hakibadilishi kinachofanyika kikiingia kwenye mshipa wako.

Matunda yenyewe kula, bila hofu, kwa kiasi. Chungwa moja na nyama zake, kipande cha papai, nusu ya embe. Glasi moja ya juisi ya machungwa imekula machungwa matatu au manne, na ukiyala hivyo hivyo utashiba kabla ya la tatu. Ukwaju, ubuyu na rozela vina ugwadu na sukari yake ni ndogo, lakini muuzaji anatia kwa kilo ili vinyweke. Tengeneza nyumbani, wewe ndiye utakayeamua. Madafu yako katikati: dafu moja lina sukari ya gramu 10 hadi 15 hivi, kwa hiyo dafu badala ya soda ni hatua nzuri, dafu juu ya soda hapana. Kama umewahi kuambiwa figo zina tatizo, uliza kwanza kabla ya kuyafanya madafu kinywaji cha kila siku, maana yana potasiamu nyingi. Vinywaji vya kuongeza nguvu na vile vya kimea visivyo na kilevi, wanavyodhani watu vinajenga mwili, vina sukari kama soda. Viache.

Hukuuliza kuhusu soda zisizo na sukari, lakini utauliza. Hazipandishi sukari kwenye damu, hilo ni kweli. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitumie vitamu visivyo sukari kama njia ya kupunguza uzito, na habari hiyo ilisambaa kwenye simu kana kwamba zimepigwa marufuku. Ushauri huo wenyewe uliwatoa watu ambao tayari wana kisukari. Mimi nazikubali kama daraja. Kama kuacha soda kunakushinda, nunua ya aina hiyo kwa miezi miwili mitatu huku maji yakichukua nafasi yake taratibu. Hakikisha chupa imeandikwa kwamba haina sukari kabisa, kwa sababu zilizopunguzwa sukari tu bado zinayo. Na ile hesabu ya "nimekunywa isiyo na sukari, basi naongeza kitumbua" ikikujia, ujue umerudi ulipotoka.

Harusini ni kugumu, naelewa. Kwetu mgeni asiyepewa soda anaonekana hakupokelewa, na anayeikataa anaonekana anaringa. Mimi naona mila hii inatuumiza, nyumba hadi nyumba, na sioni sababu ya maji ya baridi kwenye glasi safi kuhesabika kuwa mapokezi duni. Ila huwezi kuibadilisha jamii nzima ukumbini siku ya send-off ya mpwa wako. Omba maji mapema, kabla mhudumu hajafungua chupa, maana ikishafunguliwa utaona vibaya kuiacha. Kama siku hiyo umeamua soda iwepo, gawana na aliye jirani yako, nusu glasi kila mmoja, unywe katikati ya chakula, usiinywe wakati wa kusubiri pilau huku tumbo likiwa tupu. Pilau lipunguze, kachumbari na nyama viongeze. Muziki ukipigwa inuka ucheze. Dawa zako ni zile zile za kila siku, kwa saa zile zile.

Kuna soda moja ambayo ninataka uwe nayo dukani siku zote, ya kawaida yenye sukari, ndogo, imewekwa kwenye droo na haiguswi. Hiyo ni ya kushuka kwa sukari. Ukisikia kutetemeka, jasho la ghafla na njaa isiyoeleweka, pima. Ikiwa chini ya 3.9, au huna mashine karibu, kunywa nusu glasi, kama mililita 150, au koroga vijiko vinne vya sukari kwenye maji. Subiri dakika 15, pima tena. Kama bado iko chini, rudia. Ikishapanda kula kitu cha kukushikilia, ndizi au kipande cha mkate. Soda isiyo na sukari haina kazi hapa, na kitumbua nacho hakifai, kwa sababu mafuta yake yanaichelewesha sukari wakati unaihitaji sasa hivi. Waeleze binti yako na msaidizi wako wa duka, na waambie kwamba mtu aliyezimia hanyweshwi kitu mdomoni, anakimbizwa hospitali. Kama huwa unafunga Ramadhani, nenda kliniki wiki sita hadi nane kabla, maana ukiwa kwenye glibenclamide ratiba ya dawa lazima ipangwe upya na daktari.

Stripu, vile vipande vya kupimia damu kwenye mashine, ni ghali, kwa hiyo zitumie kwa akili. Kupima kila asubuhi na kupata 7 ile ile hakukufundishi kipya. Badala yake chagua swali moja. Leo chakula chako cha kawaida bila soda: pima kabla, kisha saa mbili tangu tonge la kwanza. Kesho kutwa chakula hicho hicho, na kitumbua kimoja mwishoni. Siku nyingine hicho hicho na kutembea robo saa. Stripu sita zimekujibu maswali matatu kuhusu mwili wako wewe, na majibu hayo yana uzito kuliko jedwali lolote nitakaloandika, kwa sababu watu wawili wanaweza kula sahani moja na wakapata namba tofauti kabisa. Unatafuta isivuke 10 baada ya saa mbili. Nawa mikono kwa maji na sabuni na ujikaushe kabla ya kutoboa kidole. Mtu aliyetoka kumenya embe anaweza kupima sukari ya embe iliyoganda kidoleni akapatwa na presha bure. Andika kwenye daftari: saa, ulichokula, namba.

Ukiwa Tabata, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Amana iko karibu nawe, na kliniki ya kisukari ipo, kama ilivyo Temeke na Mwananyamala. Nenda na daftari hilo. Omba kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu. Kwa wengi lengo ni chini ya asilimia 7, na ndicho kitakachosema kama mchana wako umekuwa ukikudhuru kwa muda mrefu au ni mambo ya juzi tu. Usisubiri tarehe ya kliniki kama namba zinabaki juu ya 15 siku mbili mfululizo ukiwa umekula vizuri na kumeza dawa, au kama unatapika, unakojoa bila kupumzika, au una kidonda mguuni kisichopona. Na hata ukiwa huna dalili yoyote, siku hiyo waombe wakupime macho na figo, vua viatu wakukague miguu.